Makeba akipewa mwenzake: zaidi ya "Pata Pata"

Leo naomba tuweke pembeni habari za barabara na bei ya mahindi, tuongelee sauti ya mtu.

Ukimtaja Miriam Makeba kwa vijana wa rika letu, jibu ni moja tu: "Pata Pata". Wanacheza hatua mbili tatu, wanacheka, mada imeisha. Sio vibaya, wimbo ni mtamu na ulimpa jina dunia nzima ulipotoka Marekani mwaka 1967. Ila mwenyewe alikuwa akishangaa kwamba katika nyimbo zake zote, kilichompa umaarufu mkubwa zaidi ni kibao chepesi kuhusu mtindo wa kucheza. Nami nasema hivi: kuna Makeba mwingine, na huyo humsikii vizuri mpaka apewe mtu wa kuimba naye. Nyimbo zake za wawili ni chache, zimetawanyika kwenye santuri za miaka tofauti, na ndizo zinazoonyesha kwa nini wachambuzi wa muziki walimpa sifa walizompa. Nitaeleza moja moja, ili ukiwa kafe na muda unayoyoma ujue cha kutafuta.

Kwanza tuondoe utata wa neno lenyewe, jazi. Hapa kwetu ukisema jazi, mzee anakumbuka Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz, au Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Hizo zilikuwa bendi za dansi. Walipiga rumba na mitindo yao wenyewe, na neno Jazz kwenye jina lilikuwa la kuonyesha kwamba bendi ni ya kisasa. Jazi ninayoisema mimi ni ile ya Wamarekani weusi, iliyoanzia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mwimbaji, jazi ina masharti yake. Haimbi wimbo vile vile mara mbili. Anaweza kuchelewa makusudi nyuma ya mdundo halafu akauwahi mbele, wewe msikilizaji ukabaki umeshika moyo. Anaweza kuifanya sauti yake ipige kama tarumbeta au inong'one kama mtu wa jirani dirishani. Ella Fitzgerald alikuwa malkia wa hayo yote, na Makeba akiwa binti mdogo Afrika Kusini alikuwa akizisikiliza santuri za Ella na za Billie Holiday.

Maisha yake nitayapitia haraka, maana yameandikwa sana. Alizaliwa Machi 4, 1932, jirani na Johannesburg. Akiwa na siku 18 tu mama yake alifungwa kwa kupika pombe ya kienyeji, na mtoto akaenda naye jela miezi sita. Jina lake la nyumbani ni Zenzile, ambalo maana yake inakaribia "umejitakia mwenyewe". Miaka ya 1950 aliimba na Manhattan Brothers, kundi la wanaume lililokuwa juu sana wakati ule, kisha akawa na kundi la akina dada watupu lililoitwa The Skylarks. Mwaka 1959 alicheza kwenye King Kong, mchezo wa jukwaani wa jazi kuhusu bondia, akiwa na Nathan Mdledle wa Manhattan Brothers. Mwaka huo huo akaondoka kwao, akapita Venice na London, na mwezi Novemba akafika Marekani. Mwaka 1960 mama yake akafariki, akaenda kuuliza njia ya kurudi kuzika, akaambiwa pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1963 alisimama Umoja wa Mataifa akaueleza ubaguzi wa rangi ulivyo, na serikali ya Makaburu ikamvua uraia. Hakukanyaga tena nyumbani mpaka 1990. Miaka 31, jamani. Tanzania ya Mwalimu ilikuwa miongoni mwa nchi zilizompa pasipoti atembelee.

Sasa sifa. Mwaka 1960 magazeti makubwa ya Marekani yalimwandika kwa mshangao. Newsweek walimlinganisha na Ella Fitzgerald kwa namna anavyoyagawa maneno ndani ya wimbo, na kwa ule ukaribu wa sauti wakamlinganisha na Frank Sinatra. Time nao wakamweka juu kuliko waimbaji wapya waliokuwa wamejitokeza kwa miaka mingi. Kwa binti aliyetoka vitongoji vya Johannesburg, tena mwaka ambao Wamarekani weusi wenyewe walikuwa bado wanafukuzwa kwenye baadhi ya migahawa, hilo si jambo dogo.

Kilichowavutia zaidi ni kwamba haingii kwenye boksi moja. Mwaka 1962 alitoa santuri iliyoitwa The Many Voices of Miriam Makeba, yaani sauti nyingi za Miriam Makeba, na jina halikudanganya. Mle ndani kuna wimbo wa Kikongo, kuna wa Kibrazili, kuna mapenzi ya taratibu kwa Kiingereza, kuna nyimbo za Kixhosa, na kuna mmoja unaitwa "Kilimanjaro". Kila wimbo kama ameingia mtu mwingine studio. Zile konsonanti za kugonga ulimi za Kixhosa Wazungu walizishangaa kama kiini macho, wakaziita mlio, naye akawa anakereka na kuwaambia kuwa hiyo ni lugha yake, sio kelele. Sisi Watanzania tungemwelewa upesi, maana tunao Wasandawe na Wahadzabe ambao lugha zao zina sauti za namna hiyo.

Lakini mtu anaweza kuwa na sauti nyingi na bado awe mchoyo. Hapa ndipo nyimbo za wawili zinapoingia.

Kuimba wawili ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukiimba peke yako, ukikosea pumzi unaificha. Mkiwa wawili, mmoja akishika sauti ya juu mwingine lazima ajue pa kukaa. Mmoja akivuta neno mwingine lazima alisubiri au alikimbilie. Wenye kumbukumbu ya muziki wa dansi watanielewa nikiwataja Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka. Gurumo sauti nzito ya mzee anayekusimulia jambo, Bitchuka sauti nyembamba inayopaa juu ya dari. Ukiwasikiliza pamoja huwezi kusema nani anamfuata nani, na hakuna anayemfunika mwenzake. Huo ndio ufundi wenyewe, na haufundishwi kwa nguvu za koo. Unafundishwa kwa masikio.

Na tuseme ukweli, kolabo nyingi za siku hizi hazina kitu hicho. Jamaa anarekodi ubeti wake Mwanza, anatuma faili kwa simu, mwenzake anaweka wake Dar akiwa hajui hata wimbo unahusu nini. Halafu jina linaandikwa kwa "ft." katikati. Hao hawajaimba pamoja, wamepanga chumba kimoja kwa zamu. Sisemi zote ni mbaya. "Salome" ya Diamond na Rayvanny ya mwaka 2016 iliwarudisha vijana wengi kwa dada yetu wa Kagera, Saida Karoli, na "Maria Salome" yake ya 2001, kwa hiyo ilikuwa na faida. Ila ukitaka kujua kolabo inapaswa kusikika vipi, mrudie Makeba.

Anza na mwaka 1960, kwenye santuri ya Harry Belafonte iliyorekodiwa ukumbini Carnegie Hall, New York. Belafonte ndiye aliyemshika mkono Makeba alipofika Marekani. Alikuwa mzaliwa wa New York mwenye asili ya Karibi, staa mkubwa kupita kiasi. Santuri yake ya Calypso ya mwaka 1956 ilivunja rekodi za mauzo. Jioni ile aliwakaribisha wageni kadhaa, na pamoja na Makeba wakaimba "One More Dance". Ni wimbo wa vichekesho. Mke yuko dansini, anaitwa nyumbani kwa sababu mume mgonjwa, yeye anaomba acheze raundi moja tu zaidi, kisha moja tena. Hali ya mume inazidi kuwa mbaya, naye bado yuko na raundi moja zaidi... mpaka linakuja suala la wosia na hapo ndipo miguu inapokumbuka njia ya nyumbani. Ukisikiliza utagundua Makeba anaigiza kwa sauti tu. Humuoni, lakini unaona nyonga na unaona jicho. Mgeni mwenye miezi michache tu nchini, amesimama na bingwa mbele ya watu wake, na anamchokoza kama kaka yake. Hapo hakuna majonzi ya uhamishoni wala siasa. Wengi wanaomsifia Makeba wanasahau kabisa kwamba alikuwa mchekeshaji.

Halafu inakuja ile kubwa ya mwaka 1965, An Evening with Belafonte/Makeba. Hii ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966 kama rekodi bora ya muziki wa asili. Jina linakufanya udhani ni usiku wa watu wawili jukwaani wakiimbiana. Sio hivyo. Kwanza ilirekodiwa studio. Pili, sehemu kubwa wanapokezana: huu anaimba Belafonte, huu Makeba, wakisindikizwa na kwaya na mpangilio wa muziki wa Jonas Gwangwa, mpuliza tromboni mwenzake Makeba kutoka kwao. Nyimbo wanazoimba kweli pamoja ni mbili tu. Kwa hiyo kama unaidai santuri hii ahadi ya jina lake, imekupunja. Lakini hizo mbili, bana, zinalipa deni lote.

Ya kwanza ni "Train Song", ambayo kwao inaitwa "Mbombela". Ni wimbo kuhusu treni inayowabeba watu alfajiri kwenda kazini mbali. Sisi Ngara treni tunaijua kwa hotuba, reli haijatufikia. Ila kuondoka alfajiri kwenda kuuza nguvu tunakujua sana. Babu zetu walitembea kwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu, na wengine hawakurudi. Katika wimbo huu Belafonte na Makeba wanakwenda pamoja kama mabehewa yaliyofungwa. Lugha si ya Belafonte, unasikia anavyoikanyaga kwa uangalifu kama mtu anayevuka kijito kwa mawe. Makeba angeweza kumwacha nyuma kwa urahisi, ni lugha ya kwao. Badala yake anaipunguza sauti yake mpaka ikae ubavuni mwa ile ya mwenzake, na mdundo ndio unaowavuta wote. Ukarimu wa namna hiyo kwenye maiki ni nadra sana.

Ya pili ni "Malaika". Hapa nitakaa kidogo maana wimbo ni wa Kiswahili na kila mtu ana neno la kusema juu yake.

Wimbo huu una ugomvi wa zamani kuhusu nani aliutunga. Wakenya wanamtaja Fadhili William, ambaye ndiye aliyeurekodi na kuufanya ujulikane miaka ya mwanzo ya 1960. Upande wa pili anatajwa Mtanzania Adam Salim, kwamba aliutunga akiwa Nairobi katikati ya miaka ya 1940. Ugomvi huo haujawahi kumalizika kwa namna inayoridhisha pande zote, na wimbo umezunguka dunia: Makeba, Boney M, Angelique Kidjo, orodha ni ndefu. Kwa msikilizaji wa leo jambo la kuangalia ni hili: wimbo wenyewe ni malalamiko ya kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumuoa. Ni mwanaume anaongea. Fadhili aliuimba hivyo, kwa gitaa linalochezeka, karibu utabasamu.

Makeba akiuimba mwanamke, maana inageuka. Na akiuimba pamoja na Belafonte inageuka tena. Mwendo wameupunguza sana, gitaa liko chini kabisa kama mtu anayetembea asiwaamshe wenye nyumba. Sauti ya Belafonte ina mikwaruzo, ya Makeba ni safi kama maji ya kisima asubuhi. Sasa kwa sababu wapo wawili, yale malalamiko ya kijana mmoja yanakuwa mazungumzo ya watu wawili wasio na kitu. Yeye hana mahari, na huyu anajua kwamba hana, na bado wamekaa pamoja. Hilo haliko kwenye maneno ya wimbo. Limeletwa na kuwepo kwa sauti ya pili. Nimewasikilizisha jamaa zangu kadhaa, na hata wale ambao kawaida hawataki chochote kisicho na besi ya kutikisa kioo wamenyamaza.

Wapo wanaolalamika kwamba Kiswahili chao hakijanyooka. Kweli, kuna maneno wanayatamka kama watu waliofundishwa mchana ule ule. Mtu wa Unguja angekunja uso. Mimi naona tusiwe wakali sana: huyu ni Msouth na yule ni mtu wa New York, mwaka 1965, wanawaimbia Wamarekani kwa Kiswahili na wanashinda tuzo. Tumewahi kusamehe makosa makubwa zaidi ya hayo kwenye nyimbo za Kiingereza za kwetu.

Sasa turuke mpaka Guinea. Mwaka 1968 Makeba aliolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati mkali wa Wamarekani weusi, na milango ya Marekani ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Maonyesho yakafutwa. Wakahamia Guinea kwa Rais Sékou Touré. Huko mwaka 1975 ilitoka santuri kwenye lebo ya serikali, Syliphone, yenye majina mawili: Miriam Makeba & Bongi. Bongi ni mwanae wa pekee, aliyezaliwa mwaka 1950, wakati mama mwenyewe akiwa na miaka 18 tu. Bongi alikuwa mtunzi, na nyimbo zake kadhaa mama alizibeba jukwaani miaka yote.

Mama na binti kuimba pamoja ni kitu kingine kabisa. Sauti zinafanana kwa damu, hivyo kazi haiwi kuzipatanisha, inakuwa kuzitofautisha. Watu wa kwetu wanaijua hali hiyo kanisani, pale mama na binti wanapokaa benchi moja na usijue nani amepandisha. Bongi alifariki mwaka 1985 hukohuko Guinea, akiwa na miaka 34, baada ya kujifungua. Mama akahamia Ubelgiji. Ukilijua hilo, santuri ya 1975 inabadilika masikioni mwako, hata kama studio siku ile hakuna aliyekuwa akiwaza kifo.

Na hapa niseme kitu kwa watu wa Ngara hasa. Neno uhamisho sisi hatulisomi kwenye kitabu. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Wakaja na Warundi pia. Radio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi kwa ajili ya watu hao na wenyeji, na kupitia redio ile watu walisikia lugha za nyumbani wakiwa ugenini. Leo Benaco ni mahali pa malori na chipsi. Lakini wazee waliokuwepo watakwambia kwamba jioni kambini watu waliimba, na mara nyingi mmoja alianzisha na mwingine akamdaka, hata kama walikuwa wamefahamiana wiki ile. Mtu aliyepoteza nyumbani hapendi kuimba peke yake. Nikimsikiliza Makeba akimtafuta mwenzake kwenye santuri za uhamishoni nawaelewa zaidi watu wale.

Mwaka 1987 alisimama na Paul Simon kwenye uwanja wa Rufaro, Harare, katika onyesho la Graceland. Kuna video, itafute. Wanaimba "Under African Skies". Kwenye santuri yenyewe ya 1986 sauti ya pili ni ya Linda Ronstadt, Mmarekani mwenye sauti nzuri sana. Ila Harare, hatua chache kutoka kwao Makeba alikokatazwa kuingia, wimbo uleule ulipata mwenyewe. Ziara ile ilileta mzozo mkali, kwa sababu Simon alikuwa amerekodi Afrika Kusini wakati wa vikwazo vya kitamaduni, na wapo waliomlaumu Makeba na Hugh Masekela kwa kupanda naye jukwaani. Lawama hizo zina hoja yake na sizifuti. Kimuziki lakini, sikia anavyoingia: haingii kwa fujo ya staa, anaingia kama mtu anayesukuma mlango uliokuwa wazi nusu.

Ile ninayoiweka juu kuliko zote ni ya mwaka 1991. Makeba amesharudi kwao, Mandela ametoka jela, na anatoa santuri iitwayo Eyes on Tomorrow. Mle ndani yumo Dizzy Gillespie na tarumbeta yake, yumo Masekela, na yumo Nina Simone. Nina na Miriam walikuwa marafiki wa siku nyingi. Makeba ndiye aliyemshawishi Nina aende Liberia miaka ya 1970. Wanaimba wimbo uliounganishwa, sehemu ya kwanza ya Kizulu inaitwa "Thulasizwe", kisha unaingia "I Shall Be Released" wa Bob Dylan, unaozungumzia kufunguliwa.

Hawa si mabinti tena. Nina ana miaka 58 hivi, Miriam 59. Sauti ya Nina imekuwa nzito na ngumu kama mlango wa mninga, haitaki kubembeleza mtu. Ya Miriam bado ina mwanga lakini imepata vumbi. Kwa sheria za kwaya hazipatani kabisa. Mwalimu wa kwaya angewatenganisha, mmoja huku mmoja kule. Na hapo ndipo utamu ulipo: hawajaribu kufanana. Nina anasema lake moja kwa moja, Miriam anazunguka pembeni yake, na kuna nafasi za ukimya kati yao ambazo waimbaji wadogo wangezijaza kwa kelele. Ella Fitzgerald alifanya kitu cha jamii hiyo mwaka 1973 na mpiga gitaa Joe Pass, kwenye Take Love Easy: sauti moja, gitaa moja, basi. Wote wanakubali kuachiana nafasi. Ufundi wa jazi uko pale, kwenye kile unachoamua kutokiimba.

Kama kuna kasoro kwenye kazi ya Makeba kwa ujumla, ni kwamba maprodyuza wa miaka ya 1960 walimrundikia vinanda na kwaya hadi sauti ikawa inahema. Santuri kadhaa za wakati ule nikizipiga naruka nyimbo. Angepewa mtu mmoja na gitaa moja, mara nyingi zaidi, tungekuwa na hazina kubwa kuliko hii.

Makeba alifariki usiku wa kuamkia Novemba 10, 2008, Castel Volturno huko Italia, baada tu ya kuimba kwenye onyesho la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano aliyekuwa akitishiwa na mafia. Belafonte alimfuata Aprili 25, 2023, akiwa na miaka 96.

Aliyeichukua kazi hii ni mtu ambaye sisi wa mpakani tunapaswa kumjua zaidi ya wengine: Somi. Jina lake kamili ni Laura Kabasomi Kakoma, amezaliwa Marekani, Illinois, na wazazi kutoka Rwanda na Uganda, na utotoni aliishi Zambia. Majina ya Kaba- hayawezi kuwa mageni kwa mtu wa Kagera. Ni mwimbaji wa jazi hasa. Santuri yake Holy Room, aliyoirekodi jukwaani Frankfurt na bendi kubwa ya redio ya huko, ilimfanya awe mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupendekezwa kwenye Grammy upande wa uimbaji wa jazi. Machi 4, 2022, siku ambayo Makeba angetimiza miaka 90, Somi alitoa Zenzile: The Reimagination of Miriam Makeba. Akawaita wenzake: Angelique Kidjo, Seun Kuti, Thandiswa Mazwai, Msaki, Ladysmith Black Mambazo, na Gregory Porter.

Huyo Porter, mwenye sauti nene ya kifua, anaimba na Somi "Love Tastes Like Strawberries", ambao Makeba aliuimba peke yake kwenye ile santuri ya sauti nyingi ya 1962. Zisikilize zote mbili moja baada ya nyingine. Kwa Makeba ni binti anakumbuka penzi lililokuwa tamu na halipo. Kwa Somi na Porter, yule aliyekuwa anakumbukwa naye ameingia chumbani na ana lake la kusema. Kwenye kafe yenye vifaa vya masikio vibovu utaikosa nusu ya mambo, kwa hiyo nenda na vyako, andika "Somi Zenzile", na anzia na huo.